Hodi Kabla ya Kriki

Ninyi vijana mnaotengeneza magari Ukutani, pale Buyenzi karibu na bonde la Ntahangwa, mmewahi kuuliza kwa nini panaitwa hivyo? Juzi mmoja wenu alinieleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba ni kwa sababu ya ukuta. Mwanangu, Buyenzi yote ni kuta. Kuna mwaka nilikuwa sina kazi nikazihesabu za mtaa wetu, nikarudia kuzihesabu, na hesabu mbili hazikulingana. Hakuna ukuta uliopewa jina kwa kuwa ukuta tu. Pale panaitwa Ukutani kwa sababu yetu sisi tuliokuwa mafundi pale wakati wa vita, na mimi nikiwa mkubwa wao. Si jina la sifa. Kila nikilisikia huwa naangalia viatu vyangu.

Siku hizi kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la garaji na kuwaambia wenye nguvu kwamba wanakosea. Mnanivumilia kwa ajili ya mvi, najua. Lakini wiki iliyopita niliwaona mkiinua rimoki, lile tela la muuza maji: matangi yamejaa, kriki moja, jiwe moja, na mwenzenu yuko chini anaimba. Nikapiga kelele. Mkacheka. "Mzee anaogopa mpaka rimoki!" Ndiyo, ninaogopa. Kaeni niwaambie ninaogopa nini.

Kriki, kwa ninyi mliosoma maneno ya pwani, ndiyo jeki. Mimi nilifundishwa kriki na Fundi Rajabu, na kwake kriki ilikuwa mfanyakazi asiyeaminika. "Inajua kuinua, haijui kushika," alikuwa akisema. "Kushika ni kazi ya shandeli." Shandeli ni kile kigoda cha chuma cha miguu mitatu mnachokikalia wakati wa kula mihogo. Hakikutengenezwa kwa ajili ya matako yenu.

Mwezi wangu wa kwanza kwake nilisimika kriki chini ya sakafu ya kamyoneti, kile kilori kidogo, ya mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Jabe. Sakafu ilikuwa imeoza kwa kutu, mimi nikaona ni bapa, nikaona panafaa. Nikapampu. Gari halikupanda hata kidogo, na mimi nikafurahi jinsi kriki inavyopanda kirahisi. Kumbe ilikuwa imepenya sakafu na kuingia ndani ya kitenga cha nyanya. Rajabu hakunigombeza. Alitoa kriki, akaipangusa nyanya kwa kidole, akaonja. "Chumvi kidogo imekosekana," alisema. Kisha akanilaza chini ya gari, akaushika mkono wangu na kuupitisha juu ya shasi, ule mfupa mrefu wa chuma unaobeba mzigo wote. "Hapa. Sakafu ni nguo. Huu ndio mfupa. Mutu anabebwa kwa mfupa, apana kwa shati."

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wateja. Kabla hajainua gari lolote, alilipiga ubavuni kwa kiganja, mara mbili, na kusema kwa sauti: "Hodi!" Halafu anangoja.

"Fundi, unabishia Toyota hodi?"

"Ikijibu nitakimbia. Isipojibu nitafanya kazi."

Mzaha, lakini alikuwa na sababu. Madereva wa malori walilala kwenye mabodi. Kuku walitaga chini ya viti. Kuna familia iliwahi kutuletea gari na kumsahau bibi yao kwenye kiti cha nyuma, amejifunika kitenge, usingizi mzito. Hodi ya Rajabu ndiyo iliyomwamsha. "Karibuni," alijibu bibi, na sisi wote tukaruka. Vita ilipoanza watu wakawa wanalala popote penye mlango wa kufunga, na hodi ikawa haichekeshi tena. Kwa Rajabu hakuna chombo kilichoinuliwa kikiwa na roho ndani. Nilisikia hodi ile kila siku ya kazi, na mimi mwenyewe nikaizoea kama vile mtu anavyozoea kukohoa kabla ya kuingia uani.

Sasa karavani. Wengi wenu hamjaiona: ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ya bati na mbao nyepesi, inayokokotwa na gari. Ina kitanda, meza, dirisha lenye pazia, na pua mbele ya kufungia kwenye gari. Mzungu mmoja mshauri wa kilimo alikuja nayo Bujumbura, kwa nini sijui. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba huku watu wanasafiri ili wafike. Vita ilipoanza alituachia garajini akasema angerudi baada ya wiki mbili. Alikuwa mtu wa matumaini.

Rajabu hakuigusa kwa muda mrefu. Kisha nyumba yake ya Cibitoke, ya hapa mjini, ikaungua pamoja na nyingine za mtaa ule. Yeye na mkewe Bi Hadija walifika garajini asubuhi na godoro moja na birika. Wakaingia karavanini. Bi Hadija alipanda pilipili kwenye kopo penye kingazi, akabadilisha pazia, na baada ya mwezi tulisahau kwamba ile ilikuwa kitu cha kukokotwa. Ikawa nyumba. Tulipita mbele yake kwa adabu, tukishusha sauti.

Humo ndimo Rajabu alimofia, kwa maradhi, kitandani kwake, jambo ambalo miaka ile watu walilitaja kwa wivu kidogo. Na humo ndimo Bi Hadija alimokaa eda. Wenzetu Wakristo waliomo humu nawaeleza: mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio wake hawaendi kumtazama. Mimi nilibaki mkuu wa garaji. Sikupewa cheo, nilikuwa tu ninajua funguo ziko wapi.

Zikaja mvua. Bonde la Ntahangwa mnalijua, linakula ardhi bila kutafuna. Asubuhi moja tukaona ufa, mwembamba kama uzi, unapita nyuma ya karavani. Siku ya tatu kiganja kiliingia. Karavani ilipaswa kuhamishiwa mbele, upande wa barabara, na haraka. Lakini haikuweza kusogea. Upande wa mlango resori ilikuwa imevunjika, vile vyuma vilivyopangwa kama majani ya kitabu ambavyo hubeba mwili wa gari juu ya magurudumu. Mwili ulikuwa umelalia tairi. Ukiivuta hivyo, tairi linasaga bati mpaka linapasuka, na ardhi ile haikuhitaji kutikiswa.

Ulikuwa wakati wa embargo, nchi jirani zimetufungia biashara, resori mpya ulikuwa unaiota tu. Nilipata majani ya resori kwenye kamyoneti iliyokufa kule Jabe, na sitawaambia nilivyopatana na mwenye nayo, maana ndiyo sehemu pekee ya habari hii ambayo naweza kujisifu, na leo sikukaa hapa kujisifu.

Asubuhi ya kazi tulikusanyika. Mimi, mafundi wengine wanne wa pale, na Mzee Sefu, kaka yake marehemu Rajabu, ambaye alikuwa na duka la vitambaa na sauti ya kuuzia vitambaa. Mmoja wa mafundi alikuwa Dezire, Mkatoliki, mtu wa welding, mpole, mwenye tabia mbaya ya kuuliza mambo yaliyo wazi.

"Kwa nini tusimuombe Mama atoke?" aliuliza Dezire.

Mngewaona. Kama vile amevua shati msikitini.

"We Dezire, hujui. Iko mu eda."

"Najua iko mu eda. Lakini iko na ufa pia."

"Sha, nyamaza. Haya mambo ya dini."

Basi ukaanza mjadala ambao ninausikia mpaka leo. Mmoja alisema: kama nyumba ikihama na yeye akiwa ndani, mjane hajatoka nyumbani, ni nyumba iliyotoka. Mwingine akasema apana, nyumba ni mahali, apana bati. Bati likisogea, mahali pamebaki nyuma. Wa tatu akauliza: na tukiinua tu, bila kusogeza, amepaa au hajapaa? Mzee Sefu alisikiliza kama jaji. Mwishoni akaamua: tuinue na yeye ndani, tubadilishe resori, tuikokote polepole mpaka mbele, naye hatakuwa ametoka hata hatua moja. Wote wakapumua. Lilikuwa jibu zuri sana. Lilimpendeza kila mtu isipokuwa uzito wa karavani, ambao haukuulizwa.

Wala mwenyewe hakuulizwa. Sisi wanaume sita tulijadili sheria ya mwanamke aliyekuwa mita tatu kutoka kwetu, na hatukumuuliza kwa sababu ya haya. Kumwambia mjane "toka" tuliona ni kumvunjia heshima. Kumuuliza kama anataka kutoka tuliona ni vibaya zaidi, maana angelazimika kujibu.

Na mimi nilijua. Wengine walikuwa wanajua resori, mimi nilijua kriki. Nilikwenda ubavuni mwa karavani, nikainua kiganja kama nilivyofanya maelfu ya siku. Na kiganja kikagoma. Kwa Toyota, hodi ni hodi ya kazi. Kwa mlango ule ingekuwa hodi yenyewe: mwanamume anabisha kwa mjane wa mwalimu wake, naye atajibu "karibu," na mimi nitasema nini? Niliona aibu. Nikashusha mkono nikaufuta kwenye suruali kama mtu aliyekuwa na vumbi.

Mzee Sefu akasimama kando ya dirisha, mgongo kwa pazia, akaongea na hewa.

"Shemeji."

"Abe."

"Vijana wanataka kuinua nyumba kidogo. We kaa pale katikati, usiinuke."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu."

"Na mutamaliza mbele ya adhuhuri?"

Mzee Sefu akaniangalia. "Mwambie mbele sana," nilinong'ona.

"Anasema mbele sana."

"Nimemusikia," alisema Bi Hadija. "Hii ukuta ni bati, shemeji, apana tofali."

Hakuna aliyeuliza ni mambo gani mengine aliyokuwa amesikia kupitia bati lile.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Karavani ya magurudumu mawili ni kama mizani. Yote iko juu ya esie moja, ule mhimili unaounganisha magurudumu. Mbele inakanyaga kigurudumu kidogo cha pua, nyuma haina kitu. Pembeni ina miguu minne myembamba ya kushusha, ambayo kazi yake ni kuzuia nyumba isitikisike mtu akipita. Ukiitumia kuinulia inapinda kama kijiko. Kwa hiyo niliikunja yote minne, na nilifanya vizuri. Nililegeza nati za gurudumu likiwa bado chini, vizuri. Kriki niliisimamisha juu ya ubao mpana, maana udongo ulikuwa umelowa, na kichwa chake nikakiweka chini ya shasi jirani na resori, sikukiweka kwenye esie, ambayo ni bomba tupu na hupinda. Vizuri tena. Rajabu angenipa alama.

Lakini pua ya karavani ilipaswa kufungwa kwenye gari zito, na gari letu halikuwa na petroli ya kulisogeza mpaka pale, nikasema tutalileta wakati wa kukokota. Chini ya kigurudumu cha pua nikaweka jiwe. Gurudumu la upande wa pili lilihitaji mawe mawili, mbele na nyuma; niliweka la mbele, la nyuma nikasema matope yanatosha. Shandeli ilipaswa kuingia chini ya shasi kabla ya gurudumu kutoka. Nikatazama kivuli cha ukuta, nikaona adhuhuri inakuja, nikasema toeni gurudumu, shandeli itafuata, bado kimo cha vidole viwili tu ipate kuingia.

Nimekuwa mtu wa kupatana maisha yangu yote. Nimepunguziwa bei na watu waliokuwa hawapunguzi hata usingizini. Siku ile nilikuwa napatana na uzito: nipunguzie jiwe moja, nipunguzie gari moja, nipunguzie vidole viwili. Na uzito ulikuwa unaitikia kwa kichwa, kama muuzaji ambaye tayari anajua atakakokupatia.

"Fundi," alisema Dezire, "mi siingii chini."

"Nani kakutuma uingie?"

"Nakwambia tu."

Mi mwenyewe nilikuwa nimepiga magoti, shandeli mkononi, wakati muadhini alipoanza.

Nilisikia adhana. Nilisema moyoni, nimalize hivi vidole viwili. Ndani ya karavani Bi Hadija alisikia adhana hiyo hiyo, naye akafanya anachofanya mtu mwenye akili: aliinuka akatawadhe. Alikuwa ameambiwa akae mpaka tumalize, na sisi tulisema tutamaliza mbele sana. Ndoo yake ya maji ilikuwa nyuma kabisa, penye jiko.

Hatua zake nilizisikia juu ya kichwa changu. Nyepesi. Moja, mbili, tatu. Pua ikainuka juu ya jiwe kama mtu aliyeitwa jina lake. Karavani ikakaa kitako kwa nyuma, kriki ikalala ubavu, ikaruka. Nilijirusha kinyumenyume. Ile nyumba ikaanguka upande wa mlango, juu ya chuma pale palipokuwa na gurudumu, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Bi Hadija akatoka nao, pamoja na ndoo, maji, pilipili na kingazi. Alianguka chini mbele yetu, kichwa wazi, kanga imebaki kwenye kitasa.

Alipiga ukelele mmoja tu, mfupi.

Nasi tukageuka.

Ndiyo. Hatukuambiana. Wanaume watano waliokua Buyenzi, tuliofundishwa tangu utoto kwamba hutazami, tuligeuka kwa pamoja kama askari, tukaenda mpaka ukuta wa garaji, tukaweka nyuso zetu kwenye tofali. Mzee Sefu aliweka na viganja. Nilimsikia akisema "Astaghfirullah, astaghfirullah," na nyuma yetu nikasikia maji yakichuruzika, na pumzi ya mtu anayejaribu kuinuka na hawezi. Kiatu kimoja kilikuwa kimebiringika mpaka miguuni kwangu. Kiatu cha kutokea, cheusi, chenye kifungo. Nilikitazama kwa muda mrefu, maana sikuwa na kingine cha kutazama, na nikajiuliza kwa nini mtu aliyekaa ndani ya eda alikuwa na kiatu kile.

Dezire peke yake alikwenda. Nilisikia akivua ovaroli yake, vifungo vikikatika. "Pole, Mama. Pole. Shika shingo yangu. Apana huo mkono, mwingine."

Na hapo doria ikapita.

Walikuwa wanajeshi watatu, waliokuwa wakishuka barabara ile kila mchana. Hebu wekeni akilini walichokiona. Miaka ile, wanaume waliopangwa ukutani lilikuwa jambo lenye maana moja tu, na kwa kawaida waliowapanga walikuwa wanajeshi wenyewe.

"Nani amewapanga hapa?"

 Nilisikia bunduki ikishushwa begani.

"Nimeuliza. Nani amewaweka ukutani?"

"Tumejiweka, shefu," alisema Mzee Sefu, akiongea na tofali.

"Mumejiweka? Mumefanya nini?"

Ulikuwa wakati ambao jibu baya lilikuwa na bei, na nyuso zetu zilikuwa tayari ukutani, hata shughuli ya kutupanga isingewachukua muda. 

"Ewe," mkubwa wao alimwita Dezire. "Hawa wamefanya nini?"

"Wana heshima, shefu."

"Wana nini?"

"Heshima. Mama amefiwa, iko mu eda. Kwao apana ruhusa kumuangalia."

 Nilisikia viatu vya mwanajeshi vikitembea nyuma yetu, kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho, polepole, kama anatuhesabu. Kisha vikarudi, kama anarudia kuhesabu.

"Mama iko chini na mkono umevunjika," alisema, "na wanaume munaangalia ukuta. Hii ndiyo heshima?"

Nimetukanwa na watu wengi, kwa lugha tatu. Hakuna tusi lililonifikia kama lile, na halikuwa tusi. Lilikuwa swali.

Akamwamuru mwenzake aende na Dezire mpaka dispensari ili wasisumbuliwe njiani. Sisi akatuambia: "Musigeuke. Kama munapenda ukuta, mubaki nao." Tukabaki. Sijui kwa muda gani, maana kuhesabu kuliniishia. Watoto wa shule walipita, wanawake wakatoka sokoni, mtaa mzima ukaja kuona mafundi wa Rajabu na muuza vitambaa wakiwa wamepangwa bila mtu wa kuwalinda. Doria ilikuwa imekwenda zamani. Hakuna aliyethubutu kugeuka kwanza. Kesho yake mteja akauliza, "Gari nipeleke wapi?" akajibiwa, "Peleka kule Ukutani." Jina likakaa. Ninyi mmelirithi.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Bi Hadija alimalizia eda yake chumbani kwa Mzee Sefu. Huyo Sefu ndiye aliyekwenda kumuuliza sheikh, baada ya yote, na akarudi amekonda. Sheikh alimjibu kwa maneno machache: anayehofia nyumba kumwangukia anatoka, tangu siku ya kwanza ya ufa, mjadala ulikuwa wa nini?

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilisimama uani, yeye akiwa nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasema yote, yakasikika kama ya mtu anayeuza gari bovu. Akaniacha nimalize.

"Nilimusikia Dezire aliuliza," alisema. "Nikasema moyoni, sasa wataniuliza. Nikajifunga kanga, nikavaa viatu. Nikakaa karibu na mlango, nangoja hodi. Rajabu apana kuinua kitu bila hodi, nikasema huyu ni mwanafunzi wake, atapiga. Nikangoja mpaka adhana. Nikasema, basi, hawaji. Nikaanza kuvua viatu nitawadhe."

 Nilisema, "Kiatu kimoja iko garajini."

"Ukilete," alisema.

Karavani tuliiinua upya wiki ile ile, mimi na Dezire, ikiwa tupu mpaka vijiko, gari limefungwa puani, mawe kila upande, shandeli ikipanda pamoja na kriki kama kivuli chake. Resori ikaingia kabla ya chakula cha mchana. Tukaikokota mpaka mbele. Mwezi haukuisha, pale ilipokuwa imesimama mwanzo pakaenda bondeni.

Eda ilipokwisha Bi Hadija alirudi ndani ya nyumba yake. Siku chache baadaye akanitumia neno kwamba resori ya upande wa pili inalia, nije niitazame. Nilijua angeweza kumwita Dezire. Nikaja na kila kitu, nikapanga kila kitu, nikakikagua na kurudia. Mafundi wakaacha kazi zao. Watu wa mtaa wakapata sababu za kupita. Mzee Sefu alikuja kununua bulo, bolti moja, yeye ambaye hajawahi kuwa na gari.

Nikaenda ubavuni, nikainua kiganja, nikapiga bati mara mbili.

"Hodi!"

 Pazia halikutikisika. Nikangoja kama nilivyofundishwa, nikihisi macho yote kwenye shingo yangu. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, ya taratibu, ya mtu aliyekunywa chai akashiba.

"Piga vizuri, fundi. Pengine nimo."

Nikageuka. Nilimtazama, mara hii nilimtazama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta ule ule, viatu vyeusi vyote viwili miguuni, kikombe kwenye mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado haukushika vizuri. Hakuwa anacheka. Watu wote walikuwa wanangoja nione kwamba ni mzaha.

Nikageukia bati, nikapiga tena.